Ndewe iliyoshonwa mara mbili ikaachia mara mbili: uchambuzi wa kisa kimoja

Mgonjwa ni mama wa miaka 46, mfanyabiashara wa vitenge Kariakoo, mkazi wa Mbagala. Ndewe, nyama laini ya chini ya sikio inayotobolewa hereni, ya kulia imechanika mpaka chini, imebaki vipande viwili vinavyoning'inia. Kushoto tundu limeshuka likawa ufa wa milimita 8, na daraja la nyama lililobaki kabla ya ukingo ni milimita 2 tu. La kushoto halijawahi kuguswa na kisu. La kulia limeshonwa mara mbili, na mara zote mbili limeachia. Sendoff ya bintiye iko wiki tano mbele, na neno lake la kwanza ni: "Daktari, siku hiyo nataka nivae hereni."

Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa kina kwa sababu makosa karibu yote yanayoharibu ushonaji wa ndewe yamepita kwenye sikio hilohilo moja, moja baada ya jingine.

Lilivyofika hapo

Ndewe haina gegedu, ule mfupa laini unaolipa sikio umbo. Ni ngozi mbele, ngozi nyuma, na katikati mafuta kidogo na nyuzinyuzi. Ndiyo maana inatobolewa kirahisi na kupona haraka, na ndiyo maana haina kitu cha kuuzuia uzito. Hereni nzito inashuka taratibu ndani ya nyama kama waya unavyopita kwenye mche wa sabuni, ila mwilini kila sehemu inayopitiwa inaota ngozi yake. Hereni za mama huyu zilipopimwa kwenye mzani wa sonara zilikuwa gramu 19 kila moja. Alizivaa tangu anafungua duka mpaka anarudi nyumbani, kwa sababu kitenge kinauzika vizuri anayekiuza akiwa amekivaa na kupendeza.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawaliulizi: kuwashwa. Alisema tundu lilikuwa linawasha na kutoa majimaji kila akivaa hereni za bei ya chini, akizitoa linatulia. Hiyo mara nyingi ni mzio wa nikeli, madini yanayochanganywa kwenye hereni nyingi za rangi ya fedha na hata zile zilizopakwa rangi ya dhahabu juu. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Tafuta weusi uliozidi kuzunguka tundu, magamba madogo, na ngozi iliyokakamaa. Tundu linalowashwa na kukunwa miaka mingi linapanuka hata kwa hereni nyepesi.

Siku sikio la kulia lilipochanika, mjukuu wa miezi 10 alivuta hereni ya duara. Mtoto hakufanya kazi kubwa, maana tundu lilishakuwa karibu na ukingo. Kama angefika hospitali siku hiyohiyo, jeraha lingesafishwa na kushonwa moja kwa moja, kwa sababu kingo zote mbili zilikuwa mbichi. Alifunga plasta akaendelea na biashara.

Miezi minne baadaye akaenda kwenye zahanati moja, akashonwa. Nyuzi tatu mbele, hakuna kilichokatwa. Siku ya saba zikatolewa, siku ya tisa ndewe ikafunguka yote, bila usaha, bila maumivu. Hapa hakukuwa na bahati mbaya yoyote. Ndani ya wiki moja au mbili tangu kuchanika, ngozi inakuwa imeshafunika kila ukingo, mbele, nyuma na ndani. Ngozi iliyokamilika haishikani na ngozi iliyokamilika, kama vile vidole viwili havigandi hata ukivifunga kwa kamba mwezi mzima. Nyuzi zilikuwa zimevishikilia vipande viwili vilivyokwishapona kila kimoja kivyake. Anayeshona ufa wa zamani bila kuondoa ngozi ya ndani hajashona kitu, na gundi ya dukani inaangukia hapohapo, pamoja na kuunguza ngozi.

Mara ya pili alikwenda kwingine, na huko walijua. Walikata kingo, wakashona mstari ulionyooka kutoka juu mpaka chini, na sikio likashika. Matatizo yakaja mawili. La kwanza ni kibonde kwenye ukingo wa chini. Kovu lolote hujivuta linapokomaa, na mstari ulionyooka unaoishia ukingoni hujivuta kuelekea juu, ukingo ukaingia ndani kama umebonyezwa kwa kucha. La pili ni tundu jipya. Wiki ya tano alitobolewa palepale kwenye kovu, kwa kuwa "tundu la zamani lilikuwa hapo". Jeraha la wiki tatu lina karibu asilimia 20 tu ya nguvu ya ngozi nzima, na hata likikomaa kabisa halizidi asilimia 80 hivi. Wiki ya tano ni mapema mno, na kwenye mstari wa kovu hapafai hata baada ya mwaka. Ilichukua miezi minane, tundu likachanika mpaka chini tena, safari hii bila mtu kuvuta.

Kilichopimwa kabla ya kukubali kazi

Mama alikaa wima, kioo mkononi, kichwa kisiinamie upande. Akilala ndewe inabadilika umbo na vipimo vinadanganya. Kulia, kipande cha upande wa shavu kilikuwa milimita 6 na cha nyuma milimita 7, jumla 13. Kushoto upana ulikuwa 17. Tofauti hiyo ya milimita 4 ndiyo gharama ya majaribio yaliyopita. Kila unapokata kingo kwa usahihi unapoteza walau milimita moja kila upande, na ndewe haina akiba kubwa. Sikio la kulia likishashonwa litabaki na 11.

Mgonjwa alitaka yawe sawa kabisa, na hesabu ya haraka ingesema kushoto kukatwe milimita 6. Hatukubali hesabu hiyo. Hakuna anayeyaona masikio mawili ya mtu kwa wakati mmoja na kuyapima. Tofauti ya milimita 2 au 3 ya upana haionekani, ila kibonde cha milimita 1 kwenye ukingo kinaonekana kutoka upande wa pili wa meza. Uamuzi ukawa kushoto kubaki 14.

Maswali mengine yalikuwa ya kawaida: kisukari hana, presha 148 kwa 92, aspirini hatumii, chanjo ya pepopunda ipo. Kuhusu keloidi, kovu linalovimba na kuvuka mipaka ya jeraha, alijibu kwamba mdogo wake ana kovu lililovimba begani, yeye hana. Sikio la kulia lilikuwa limeshatoa ushahidi wake pia: limekatwa na kutobolewa mara kadhaa na kovu lake liko bapa. Hiyo inatia moyo, lakini haifuti swali, maana keloidi inaweza kutokea sikio moja na kuliacha jingine.

Swali lililobadilisha mpango lilikuwa la mkorogo. Alisita, kisha akasema amepaka uso, shingo na masikio kwa miaka sita. Mikorogo mingi ina dawa kali za steroidi, na steroidi ikipakwa muda mrefu inaipunguza ngozi unene. Kwa mshonaji maana yake ni moja: uzi mwembamba uliowekwa karibu na ukingo utaikata ngozi na kutoka. Alielezwa aache kupaka kuanzia shingo kwenda juu, na akaambiwa mapema kwamba ngozi inaweza kuwaka na kutoa vipele wiki za kwanza baada ya kuacha, asije akashtuka akarudia. Wiki chache hazirudishi unene uliopotea. Kwa hiyo nyuzi zilipangwa kuwekwa milimita 2 kutoka ukingoni badala ya 1, na za mwisho kutolewa siku ya 10 badala ya 7.

Hereni siku ya sendoff

Ipo mbinu ya kushona ndewe huku ukihifadhi tundu. Daktari Pardue aliichapisha mwaka 1973: kipande kidogo cha ngozi ya ukingo wa ufa kinaachwa, kinaviringishwa ndani, kinakuwa bitana ya tundu jipya sehemu ya juu. Inavutia kwa anayetaka kuvaa hereni haraka. Kwa mtu mwenye ndewe nene, ufa mmoja safi na mapenzi ya hereni ndogo, inafaa. Kwa mama huyu isingefaa. Tundu lingekaa juu kabisa ya mstari wa kovu, ndewe yake ni nyembamba, na anarudi kwenye gramu 19. Huko ni kumpangia mchaniko wa nne.

Akapewa njia mbili. Afanyiwe baada ya sendoff na siku hiyo avae kilemba kinachofunika masikio. Au afanyiwe sasa, wiki ya tano awe na ndewe nzima zisizo na hereni, na bado avae kilemba akitaka. Hereni za kubana hazikuruhusiwa wiki ya tano, kwa kuwa zinaminya kovu changa na kuzuia damu. Alichagua afanyiwe sasa.

Upasuaji

Michoro inatangulia ganzi. Hili linasisitizwa kwa sababu linapuuzwa sana: mililita moja ya dawa ndani ya ndewe inaivimbisha, na mstari utakaochora juu ya ndewe iliyovimba utakaa penginepo uvimbe ukishuka. Kalamu ya zambarau, nukta kwenye ukingo wa chini pande zote mbili za ufa mahali zitakapokutana, kisha mistari ya kukata, mbele na nyuma.

Ganzi ilikuwa lignokeini asilimia 1 yenye adrenalini 1:200,000, mililita 1.5 kwa kila sikio, sindano namba 27, ikichomwa kwenye shina la ndewe kuizunguka na kidogo tu karibu na ufa. Kuipunguza ukali, mililita 1 ya sodiamu baikaboneti asilimia 8.4 inachanganywa na mililita 9 za lignokeini. Kuungua wakati wa kuchoma kunapungua sana. Dawa iliyotumika haizidi miligramu 30 kwa masikio yote mawili, mbali mno na kikomo cha miligramu 7 kwa kila kilo ya mwili kinachotumika ikiwa na adrenalini. Wapo bado wanaofundishwa kwamba adrenalini haigusi sikio. Kwa kipimo hiki chepesi, kwenye ndewe inayopata damu kutoka mishipa ya mbele na ya nyuma ya sikio, hofu hiyo haina msingi. Faida yake ni kubwa, lakini usubiri dakika 7 hadi 10 ndipo ukate. Anayekata dakika ya pili anafanya kazi kwenye dimbwi la damu na kuulaumu uzi.

Povidoni ayodini, dawa ya kuua vijidudu, ikapakwa mpaka nyuma ya sikio na kwenye mstari wa nywele. Nywele zilizosukwa zilifungwa nyuma kwa plasta. Rasta zilizoachwa huru huingia kwenye uzi.

Kazi ilianza kulia. Kijiti cha mbao cha kukandamizia ulimi, kilichosafishwa kwa mvuke, kiliwekwa nyuma ya ndewe ili kisu kipate pa kuegemea. Kisu namba 11 kwa kukata pembeni, namba 15 kwa sehemu ya juu ya ufa. Milimita 1 ikaondolewa kila ukingo, unene wote, mbele hadi nyuma. Kisha ikaangaliwa kona ya juu kabisa ya ufa, pale tundu la asili lilipoanzia. Hapo ndipo ngozi ya ndani hubaki mara nyingi, kwa sababu mkono unaogopa kupanda juu. Kipande kidogo cha ngozi kikiachwa humo na kufunikwa, baada ya miezi kinakuwa uvimbe mdogo mgumu wenye uchafu mweupe ndani. Ukingo mzuri unatoa damu nukta nukta urefu wake wote. Pasipotoa, kuna ngozi imebaki.

Kovu la zamani la kulia nalo liliondolewa, kwa kuwa ndilo lililokuwa linavuta kibonde. Ili lisijirudie, chini mstari haukuachwa umenyooka. Kwenye milimita 4 za mwisho ulikatwa kwa umbo la Z: mikono ya milimita 3, pembe za digrii 60, vipembe viwili vya ngozi vikabadilishana nafasi. Kwa pembe hiyo urefu wa mstari unaongezeka, kwa hesabu ya vitabuni, karibu asilimia 75, na mvuto wa kovu unakatwa katikati badala ya kwenda moja kwa moja ukingoni. Mikono mifupi kuliko milimita 3 kwenye ngozi iliyopunguzwa na mkorogo ni hatari, maana ncha ya kipembe inakosa damu na kuwa nyeusi. Mirefu kuliko 5 inajaza ndewe makovu.

Uzi wa kwanza kabisa unawekwa ukingoni, si juu. Ukianza juu na kushuka, kosa la nusu milimita la kila uzi linajumlishwa, na ukifika chini upande mmoja umezidi. Hapo ukingoni ulitumika uzi wa kupita mara mbili, mbali kisha karibu, ili kingo zibenuke kidogo kwa nje. Mgonjwa akiona kinundu hicho kwenye kioo anaogopa, kwa hiyo aambiwe kabla: kinundu cha leo kitashuka kadiri kovu linavyojivuta, na ukingo uliosawazishwa leo utakuwa kibonde kesho kutwa. Ndani uliwekwa uzi mmoja tu unaoyeyuka, namba 5-0, kuondoa uzito kwenye ngozi. Miwili au mitatu ndani ya ndewe inabaki kama vijiwe. Mbele nailoni 6-0, nyuzi tano. Nyuma uzi unaoyeyuka haraka 5-0, nyuzi nne, kwa sababu kutoa nyuzi nyuma ya ndewe kunahitaji kuikunja, na kuikunja siku ya kumi ni kuijaribu nguvu bila sababu.

Kushoto swali lilikuwa la daraja la milimita 2. Inawezekana kuliacha, ukakata ngozi ya ndani ya ufa na kuushona mahali ulipo. Kwa ufa mfupi, usiovuka nusu ya njia kwenda ukingoni, hiyo ndiyo njia sahihi. Lakini ufa mrefu ukiufunga hivyo ndewe inajikusanya na kurefuka chini kama tone, na lile daraja lenyewe ni nyama iliyokwishavutika, nyembamba, isiyobeba kitu. Likakatwa. Ufa nusu ukageuzwa kuwa ufa kamili, kipande cha umbo la pembetatu kikatoka, upana ukabaki 14. Chini hapa haikutumika Z bali ngazi: upande mmoja ukaachiwa kiulimi cha milimita 3 ukingoni, upande wa pili ukachongewa kikalio chake, vikakaa pamoja. Ngozi ya hapa ilikuwa haina kovu la zamani, kwa hiyo ngazi ilitosha. Kila umbo linaloongezwa kwenye ndewe ni kovu linaloongezwa.

Siku kumi za mwanzo

Masharti hayakuwa mengi. Saa 48 sikio lisiloe. Baada ya hapo kuosha kwa maji safi na sabuni laini mara moja kwa siku, kukausha kwa kugusa, na kupaka vaselini safi kutoka kwenye kopo jipya asubuhi na jioni, jeraha lisikauke likaota gamba. Dar es Salaam, hasa miezi ya joto, jasho linashuka nyuma ya sikio kutwa. Kulifunga sikio kwa plasta nene ili "lisiingie vumbi" ndiko kunakolainisha ngozi na kuifanya iachie. Parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 8 kwa siku mbili. Antibayotiki hazikuandikwa, kwa sababu ndewe safi yenye damu ya kutosha haizihitaji. Alale chali, kanga imeviringishwa kila upande wa kichwa asigeuke. Simu iwe kwenye spika. Saluni, hapana.

Siku ya tatu alirudi sikio la kulia linavuja damu kidogo. Alikuwa amepanda bodaboda na kuvaa helmeti, kisha akaivua kwa mkono mmoja. Uzi mmoja wa mbele ulikuwa umekata ngozi, ule ule ambao ngozi nyembamba ilitarajiwa kuuachia. Sikio lilibanwa kwa gozi dakika 10, damu ikakoma, pengo la milimita moja likaachwa lijifunge lenyewe. Kushona tena siku ya tatu juu ya nyama iliyovimba huleta makovu zaidi ya yale kunayoyazuia. Nyuzi za ukingoni zilikuwa salama, na hizo ndizo zilizokuwa na maana. Kwa wagonjwa wa jiji hili sharti la helmeti lingepaswa kuandikwa juu kabisa ya karatasi: wiki mbili mwendokasi au daladala, si bodaboda.

Siku ya saba zilitolewa nyuzi moja ikiruka moja za mbele. Siku ya kumi zikamalizika. Kwenye sendoff alivaa kilemba cha kitenge chake mwenyewe, masikio nje, bila hereni.

Wiki ya saba: nyuma ya sikio

Kovu la mbele lilikuwa jembamba pande zote mbili. "Sista, hapa nyuma pananiwasha," alimwambia muuguzi wakati anaondoka, kama jambo dogo. Nyuma ya ndewe ya kushoto kulikuwa na tuta la milimita 4 kwa 2, gumu, linang'aa. Makovu mabaya ya ndewe hupenda kuanzia nyuma, mahali mwenyewe haoni na watu hawamwambii. Kuwashwa hutangulia kuvimba. Kwa hiyo kila ukaguzi sikio linakunjwa na kuangaliwa nyuma kwa taa, hata mgonjwa akisema yuko vizuri.

Tuta hilo lilikuwa halijatoka nje ya mstari wa jeraha. Kovu linalovimba ndani ya mipaka yake linaweza kutulia lenyewe. Keloidi inavuka mipaka na kuivamia ngozi nzima, na haitulii. Wiki ya saba huwezi kuapa ni lipi kati ya hayo mawili, na kusubiri ili upate uhakika ni kosa, kwa sababu dawa inafanya kazi vizuri kovu likiwa dogo. Ilichomwa triamsinoloni, steroidi ya sindano, miligramu 10 kwa mililita, mililita 0.1, ndani ya kovu lenyewe. Ikichomwa chini ya kovu inakula mafuta na kuacha shimo. Sindano inapaswa kukutana na ukinzani, na kovu lipauke kidogo dawa inapoingia. Aliambiwa kwamba ngozi inaweza kubaki na doa jeupe kwa miezi, jambo linaloonekana zaidi kwenye ngozi nyeusi. Kwa kuwa ni nyuma, alikubali bila wasiwasi. Pamoja na hiyo, karatasi ya silikoni iliyokatwa kufuata kovu, saa 12 au zaidi kwa siku, miezi mitatu, inaoshwa kila jioni kwa sababu ya jasho.

Sindano ya pili ilichomwa wiki nne baadaye. Ya tatu haikuhitajika; tuta lilishashuka na kuwashwa kulikwisha. Lingevuka mipaka, kipimo kingepandishwa hadi miligramu 20 au 40 kwa mililita. Kulikata peke yake bila sindano, hapana. Keloidi ya ndewe ikikatwa tu na kuachwa hurudi mara nyingi, na hurudi kubwa kuliko ya kwanza.

Kutoboa upya

Miezi mitatu ndiyo muda mfupi kabisa tunaokubali baada ya kushona. Kwa mama huyu, aliyewahi kuchanikia kwenye kovu na kuonyesha dalili ya kovu kuvimba, ilikuwa miezi sita. Tundu liliwekwa pembeni ya kovu, milimita 3 kutoka kwenye mstari, upande wa shavu, na milimita 7 juu ya ukingo. Kwenye ndewe ya upana wa 11 nafasi hiyo ni finyu, na hapo ndipo wengi huvutwa kupanda juu kwenye gegedu. Wasipande. Gegedu haina damu yake yenyewe. Ikipata maambukizi inaoza na sikio linajikunja, na hakuna kushona kunakolirudisha vizuri.

Ilitumika sindano safi, si bunduki ya kutobolea, maana bunduki inaipasua nyama kwa nguvu na haiwezi kusafishwa kwa mvuke. Hereni ya kwanza ilikuwa kipini cha titani, kisicho na nikeli, na kizibo cha nyuma kikaachwa na nafasi ya milimita 2 ili uvimbe usikibane. Kikae wiki sita bila kutolewa.

Zile za gramu 19 alitaka kujua hatima yake. Sasa anavaa za gramu 2 au 3 dukani. Za kuning'inia anazivaa kwenye shughuli kwa saa chache, zisizidi gramu 8, na zinatoka kabla ya kulala na kabla ya kumbeba mtoto yeyote. Mkorogo hajarudia. Nyuma ya ndewe ya kushoto ataangaliwa tena mwezi wa kumi na mbili baada ya upasuaji, kwa kuwa keloidi inaweza kuchelewa kujitokeza, na tundu jipya ni jeraha jipya.

Swali linaloulizwa sana na vijana wa Kimasai wanaofanya kazi za ulinzi mjini, ambao ndewe zao zilitanuliwa tangu utotoni, ni kama njia hii inawafaa nao. Kanuni ya ngozi ya ndani ni ileile, ila kipimo kinabadili kila kitu. Tundu la milimita 30 limeacha kamba nyembamba ya nyama inayozunguka nafasi wazi, na pembetatu ya kukatwa haipo. Kamba hiyo inakatwa pale ilipo nyembamba zaidi, ngozi ya ndani inaondolewa urefu wake wote, kisha sehemu nene iliyobaki karibu na shavu inakunjwa na kushonwa kutengeneza ndewe mpya ya milimita 15 hadi 20. Ziada ya urefu inatupwa mwisho kabisa, baada ya umbo kukubalika mgonjwa akiwa amekaa wima, kwa kuwa kilichokatwa mapema hakirudi. Kazi hiyo inataka daktari aliyezoea kuhamisha vipande vya ngozi, na si ya kufanyiwa kwenye zahanati.